Nimwambie nani kwamba naacha sigara?

"Assalaam aleikum daktari. Mimi ni mwanamume wa miaka 43, nahodha wa mashua hapa Lamu, nabeba abiria na mizigo. Nilianza sigara nikiwa na miaka 19. Sasa ni pakiti moja kwa siku, ya kwanza naiwasha nikitoka tu msikitini alfajiri. Nimejaribu kuacha mara nne, na kila mara natangaza: nyumbani, barazani, jetini. Mara ya mwisho niliapa mbele ya mama yangu. Nikakaa siku tisa. Siku ya kumi injini ilinizimikia kwenye mkondo wa Mkanda maji yakipwa, baharia akanipa moja nikavuta, na jioni nikanunua pakiti. Tangu siku hiyo barazani wananicheka. Mke wangu hunusa mashati na kunikagua mifuko, nami nimeanza kumdanganya, tabia ambayo sikuwa nayo. Kinachonichanganya ni Ramadhani. Nafunga mwezi mzima, kutwa sivuti wala siteseki sana, lakini adhana ya magharibi ikilia mkono unatafuta sigara pamoja na tende. Mwezi ujao chombo kitapandishwa pwani kukalafatiwa, yaani kuzibwa nyufa, nami nataka kujaribu tena. Safari hii nafikiri nisimwambie mtu, niache kimya kimya, nikishindwa nisiaibike. Je, ni sawa? Au imani yangu ndiyo ndogo?"

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonigusa zaidi si pakiti kwa siku. Ni pale uliposema umeanza kumdanganya mke wako. Hapo nitaparudia, kwa sababu naona ndipo kamba ilipokatikia.

Jibu la haraka ni hili: usiache kimya kimya, na pia usitangaze tena. Kati ya kuwaambia watu wote na kutomwambia hata mmoja kuna njia ya tatu. Chagua watu watatu, umpe kila mmoja kazi yake. Niruhusu nikueleze sababu zake pole pole, maana ushauri usioeleweka utautupa siku ya tatu, wakati kichwa kinagonga na usingizi haupo.

Nianze na imani, kwa kuwa nahisi ndilo swali linalokuuma. Mtu anayekaa zaidi ya saa 13 bila maji, juani, mkononi ana usukani, siku 29 au 30 mfululizo, hana upungufu wa imani wala wa nia. Ramadhani yako inatufundisha jambo lingine kabisa. Watafiti wa Israeli waliwahi kuwapima wahudumu wa ndege wanaovuta sigara, katika safari fupi za saa chache na katika safari ndefu za saa 10 na zaidi. Ungedhani hamu ingefuata saa, kwamba aliyekaa muda mrefu bila sigara ndiye angeteseka zaidi. Haikuwa hivyo. Hamu ilipanda ndege ilipokaribia kutua, safari iwe fupi au ndefu. Katika saa ile ile ambayo wenzao wa safari fupi walikuwa wakitamani sana, wale wa safari ndefu walikuwa wametulia, kwa sababu walijua kutua bado.

Adhana ya magharibi ndiyo kutua kwako. Kutwa akili yako inajua mlango umefungwa, haina sababu ya kuugonga. Jua likizama mlango unafunguka, na hamu inakuja mbio. Ndiyo maana siungi mkono mpango wako wa kuacha kwa siri. Mtu anayeacha bila yeyote kujua ameuegemeza mlango tu, hakuufunga. Hakuna atakayeuliza, kwa hiyo sigara moja haina gharama, na akili inalijua hilo hata kama hujalisema. Utakuwa kama mfungaji anayesikia adhana kila baada ya saa moja.

Lakini Ramadhani ina upande wa pili. Kwa kuwa usiku unavuta, mwili wako haupati nafasi ya kuvuka. Unarudishwa mwanzo kila futari. Hapa inafaa ujue nikotini inafanya nini.

Ukivuta, moshi unaingia mapafuni na nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Huko inagonga vipokezi, kama milango midogo, na ubongo unamwaga dopamini, kile kinachokufanya uhisi kwamba jambo jema limetokea na linafaa kurudiwa. Sigara 20 ukizipigia pafu kumi kumi ni mara 200 kwa siku ubongo unabishiwa hodi. Nyumba inayopata wageni 200 kila siku hujiongezea milango, na ubongo wako ndivyo ulivyofanya kwa miaka 24. Nikotini nayo haikai. Kila saa 2 hivi nusu yake imekwisha kuondoka kwenye damu, milango inabaki wazi haina mgeni, ndipo unaanza kukosa raha. Ile ya baada ya alfajiri unaiona tamu kuliko zote kwa sababu umelala usiku kucha bila kuvuta. Utulivu unaoupata hapo ni wa kutolewa kwenye dhiki ambayo sigara ya jana ndiyo iliyokutia. Wavutaji wengi huniambia sigara inawaondolea mawazo. Wanasema kweli kuhusu wanachohisi, ila sababu yake siyo wanayoidhani.

Ukiacha kabisa, ile hali ambayo vijana wetu wa pwani huiita arosto huanza ndani ya saa chache na hupamba moto siku ya pili na ya tatu. Hasira za bure, usingizi wa kukatika, njaa, kichwa kuuma, choo kugoma, pengine vidonda vidogo mdomoni. Kikohozi kinaweza kuzidi kwa muda, nacho kisikutishe, kwani vile vinyweleo vinavyofagia njia ya hewa vinaanza kazi upya. Kwa wengi haya hupungua sana kati ya wiki ya 2 na ya 4. Hamu yenyewe inapokuja haidumu sana, mara nyingi ni dakika 3 hadi 5. Wewe unayajua maji kuliko mimi. Unajua bamvua, yale maji makubwa, halikai, na unajua pia kwamba hata maji mafu, yale madogo, yana kujaa na kupwa kwake. Hamu ndivyo ilivyo. Wiki ya kwanza ni bamvua. Baadaye itakujia moja moja, ndogo, na mara nyingine kubwa ya ghafla pale usipoitazamia.

Sasa tazama siku zako tisa kwa jicho hilo. Ulikuwa umeshavuka bamvua lote! Kilichokupata Mkanda hakikuwa arosto ya mwili. Kilikuwa kumbukumbu. Miaka 24 kila injini ikizima uliwasha sigara, na ubongo umevifunga viwili hivyo fundo moja. Tena naomba uone hili: ile sigara moja siyo iliyokurudisha. Iliyokurudisha ni pakiti ya jioni. Kati ya hizo mbili palikuwa na saa kadhaa, na katika saa hizo nadhani ulikuwa ukijisemesha, nimeshavunja kiapo, mama atajua, barazani watajua, basi yamekwisha. Aibu ndiyo iliyokununulia ile pakiti.

Kwa sababu hiyo nakuomba safari hii usiape. Kafara ya kiapo kilichopita ni jambo la kumuuliza sheikh wako, mimi si mahali pangu. Lakini kwa kazi yangu nimeona viapo vikigeuza kuteleza kuwa kuanguka. Anayetia nia, akateleza Jumanne, Jumatano anaendelea. Aliyeapa, akiteleza Jumanne, huona hana cha kuokoa tena.

Kuhusu aibu nina somo nililojifunza vibaya. Miaka yangu ya mwanzo katika kazi hii alikuwa akija mzee mmoja, fundi cherehani, mpole, ameacha kwa wiki tatu. Siku moja alikuja pembe ya pakiti ikichungulia kwenye mfuko wa shati. Nikamwambia mbele ya foleni, "Mzee, si tulikubaliana?" Aliishusha kofia yake karibu na nyusi, akausukuma ule mfuko kwa kidole gumba mpaka pakiti ikazama, akasema atarudi kesho. Hakurudi. Nilikuwa na haki ya kusikitika, lakini sikuwa na haki ya kumvunjia heshima mbele za watu, na yeye ndiye aliyelipa.

Kwa hiyo ninapokwambia utafute watu, simaanishi watu wowote kwa namna yoyote. Ushahidi kwamba watu wana nguvu upo, na ni mkubwa. Huko Framingham, Marekani, watu wapatao 12,000 walifuatiliwa kuanzia 1971 hadi 2003. Ilionekana kwamba watu hawaachi mmoja mmoja, huacha kwa mafungu, jamaa na marafiki pamoja, hata wasiojuana moja kwa moja. Mume au mke akiacha, uwezekano wa mwenzake kuendelea kuvuta ulipungua kwa asilimia 67. Rafiki akiacha, ulipungua kwa asilimia 36, na ndugu kwa asilimia 25. Sigara ni jambo la baraza kuliko tunavyodhani, kuanza kwake na kuisha kwake.

Ila kuna upande ambao watu hawapendi kuusikia. Watafiti walipojaribu kuwafundisha wake, waume na marafiki jinsi ya kumsaidia mvutaji, majaribio hayo kwa jumla hayakuonyesha tofauti ya wazi. Sababu mojawapo, kwa maoni yangu, ni kwamba si rahisi kumfundisha mtu aache kusimanga. Utafiti mwingine ulionyesha kwamba kinachohesabika ni uwiano: maneno na vitendo vya upole vikilinganishwa na vya kukemea na kuchunguza. Upole ukizidi, wengi hubaki bila kuvuta. Ukaguzi ukizidi, wengi hurudi. Kwa upande mwingine, vikundi vya watu wanaoacha pamoja, wakikutana na mwelekezi mara kwa mara, karibu vinaongeza maradufu nafasi ya kufaulu kuliko kupewa maandishi ukaachwa peke yako.

Mtu wako wa kwanza ni mke wako. Mwanamke anayenusa mashati hafanyi kazi ya polisi, anaogopa ujane. Anza kwa kumrudishia ukweli, kabla ya siku ya kuacha, mkiwa wawili tu, watoto wamelala. Maneno uyapange mwenyewe, lakini yawe karibu na haya: "Nimekuwa nikikuficha kuhusu sigara, na hilo linaniuma kuliko sigara zenyewe. Nataka kuacha tena. Nakuomba uache kunikagua mifuko, nami nitakwambia ukweli kila usiku, hata ukiwa mbaya." Kisha mpe swali moja la kukuuliza kila usiku. Asiulize "umevuta?" Aulize "leo ilikuwaje?" Swali la kwanza linakusukuma kwenye uongo. La pili linakufungulia mdomo. Na makubaliano yawe kwamba ukweli hauadhibiwi, hata kwa kununa. Yeye pia atahitaji kuambiwa kwamba utakuwa na hasira wiki ya kwanza, kwamba si yeye uliyemkasirikia, na kwamba zina mwisho.

Mkitaka, pesa za sigara zitoke mkononi mwako kila asubuhi ziingie kwenye kibubu anachokitunza yeye. Hata ukikadiria shilingi 200 tu kwa siku, kwa mwaka ni 73,000.

Nilimjua mvuvi mmoja Malindi aliyeacha baada ya kushindwa mara nyingi. Mkewe hakuwahi kumtajia sigara tangu siku waliyokubaliana. Alichofanya ni kwamba kila alfajiri, akimfungia chakula cha baharini, alitia pembeni mwa kikapu karatasi iliyosokotwa kama ya karanga, ndani yake karafuu chache, iliki tatu nne na kijiti cha mswaki kilichokatwa kupimwa urefu wa sigara. Yule bwana aliniambia kwamba hamu ikimjia huko nje alikuwa akiifungua ile karatasi taratibu, mkunjo mmoja baada ya mwingine, na mara nyingi hamu ilikuwa imepungua kabla hajafika kwenye iliki. "Nilikuwa najua kuna mtu anajua," ndivyo alivyosema.

Mtu wa pili awe mwanamume mwenzako aliyeacha sigara, si mwenye kelele wala mwenye mawaidha. Naamini jetini hamkosi wawili watatu walioacha ambao hamjawahi kuwauliza waliachaje. Kazi yake ni moja tu: kupokea simu. Mkubaliane kwamba utampigia kabla ya kuwasha, si baada. Hana haja ya kukuhubiria. Akikuuliza umefika wapi na maji yakoje, mkazungumza dakika tano, wimbi limepita. Na ukiwa umeshavuta, umpigie vile vile, papo hapo, kabla ya jioni. Ile nafasi ya kati ya sigara ya Mkanda na pakiti ya jioni ndiyo anayokuja kuijaza mtu huyu. Wenyewe husema kuteleza si kuanguka, lakini aliyeteleza huhitaji mkono wa kushika wakati ule ule.

Baraza je? Wenzako wa barazani hawahitaji kujua chochote kwa sasa. Hawana ubaya, ila hapo umeshageuzwa gumzo, na gumzo halimsaidii mtu katika wiki yake ngumu. Kwa wiki mbili au tatu za mwanzo badilisha saa ya kukaa, au kaa upande wa wasiovuta. Ukinyooshewa sigara usiseme "nimeacha", maana hilo linaita mabishano. Sema "leo sivuti", ushukuru, ubadilishe mazungumzo. Kama kwenye baraza hilo mnakula miraa au muguka, nitasema wazi: kwa mwezi huo wa kwanza usiguse. Nimewaona wengi walioshinda sigara asubuhi na mchana wakaja kuipoteza jioni shavu limejaa majani, kwa kuwa viwili hivyo vimezoeana mno.

Na kuna jambo la kahawa ambalo karibu hakuna anayewaambia wavutaji. Moshi wa sigara unalichochea ini liivunje kafeini haraka kuliko kawaida. Ukiacha kuvuta, ini linarudi kwenye mwendo wake, na kafeini inakaa mwilini muda mrefu zaidi, hata kufikia maradufu ya kiwango ulichozoea. Vile vikombe vitano sita vya kahawa chungu kutoka kwenye dele, ambavyo havikukufanya kitu miaka yote, sasa vitakutetemesha mikono, vitakupiga moyo na kukukosesha usingizi. Utadhani ni arosto, utasema mwili unataka sigara. Punguza kahawa iwe nusu tangu siku ya kwanza.

Mtu wa tatu ni mhudumu wa afya, na hapa ndipo majaribio yako manne yalipopungukiwa zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika majaribio 100 ya kuacha bila msaada wowote, yanayofaulu ni kama 4. Soma namba hiyo kama faraja: ulichoshindwa mara nne huwashinda karibu wote wanaokwenda peke yao.

Wewe unavuta pakiti nzima na ya kwanza unaiwasha ndani ya nusu saa ya kuamka. Hiyo ni dalili ya uraibu mzito, nami nisingekushauri uende mikono mitupu. Kuna vibandiko vya nikotini vya kubandika kwenye ngozi, na kwa mvutaji wa kiasi chako kwa kawaida huanzwa na cha miligramu 21 kila siku. Kuna chingamu ya nikotini, kwako ingekuwa ya miligramu 4. Vyote viwili pamoja hufanya kazi vizuri kuliko kimoja: kibandiko kinashikilia kutwa, chingamu inaokoa hamu ya ghafla. Chingamu hii haitafunwi kama ya watoto. Itafune pole pole mpaka usikie ukali, kisha ibane kati ya shavu na fizi, itulie, urudie tena ukali ukipungua. Usinywe kahawa, soda wala maji ya matunda robo saa kabla yake, kwani huizuia kufyonzwa. Matibabu haya huendelea wiki 8 hadi 12, na kosa la wengi ni kuyakatiza mapema kwa kuona wamepona.

Watu huniuliza, si bado ni nikotini ile ile? Ndiyo, lakini polepole na bila moshi. Kinachosababisha saratani na kuua mapafu na moyo ni lami, kaboni monoksidi na maelfu ya kemikali za moshi. Nikotini ndiyo inayokufunga, moshi ndio unaokuua. Dawa hizi ziko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, na 2021 vikaongezwa vidonge viwili, bupropioni na vareniklini, ambavyo lazima viandikwe na daktari. Bupropioni haimfai mwenye kifafa. Anza kuulizia sasa, wiki kadhaa kabla ya tarehe yako, maana huenda duka la dawa la karibu halina mkalazimika kuagiza Mombasa. Vinapokosekana kabisa, ushauri wa ana kwa ana na simu za mara kwa mara bado vinasaidia sana. NACADA, mamlaka ya serikali ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana namba ya bure, 1192, ambapo unaweza kuzungumza na mshauri.

Njia za mkato nitazipita haraka. Shisha si nafuu: katika kikao kimoja mtu anaweza kuvuta moshi mwingi kama wa sigara 100 na zaidi. Ugoro na tumbaku ya kwenye tambuu havina moshi, lakini vinaleta saratani ya mdomo na vinakuacha umefungwa pale pale. Kupunguza kutoka 20 hadi 10 kunasikika vizuri, ila mvutaji huvuta kwa nguvu zaidi zile zilizobaki, na kila moja inakuwa na thamani kubwa kuliko awali. Kama huna budi kupunguza, iwe ni njia ya kufikia tarehe maalumu, si mahali pa kutia nanga.

Na kwamba mapafu yameshaharibika kwa hiyo haina maana? Ina maana kubwa kwa umri wako. Utafiti wa madaktari wa Uingereza ulioanzishwa na Richard Doll na mwenzake mwaka 1951 ulionyesha kwamba mvutaji wa maisha hupoteza wastani wa miaka 10, na anayeacha akiwa na miaka 40 anarudishiwa kama 9 kati ya hiyo, mwenye 50 kama 6. Mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo imeshuka karibu nusu. Utanenepa kidogo, kwa wastani kilo 4 hadi 5 ndani ya mwaka, na ningefurahi kukuona nazo.

Usisubiri tarehe yoyote, nenda hospitali, King Fahad hapo mjini au iliyo karibu nawe, ukiwa na mojawapo ya haya: kifua kubana au kuuma unapofanya kazi nzito, kukohoa damu, kikohozi cha zaidi ya wiki 2, ambacho kitahitaji pia kupimwa kifua kikuu, kupungua uzito bila sababu, sauti kukwaruza kwa wiki kadhaa, au kidonda cha mdomoni kisichopona kwa wiki 3. Kama unatumia dawa za kisukari, za kuyeyusha damu au za akili, mwambie daktari kwamba unaacha sigara, kwa sababu baadhi ya dozi huhitaji kurekebishwa. Na ikiwa baada ya kuacha huzuni itakuzidi mpaka ukaona maisha hayana maana, hilo ni la kutibiwa siku hiyo hiyo, mwambie mkeo mwende pamoja.

Kuhusu tarehe, umechagua vizuri. Chombo kikiwa juu, uko mbali na jeti, mbali na abiria na zile kona zote ambazo mkono umezoea kuingia mfukoni. Ongea mapema na fundi wako kalafati, umuombe tu asikupe, na mikono yako uipe kazi ya pamba na nyundo. Ila usihesabu ushindi chombo kikiwa mchangani. Siku ya kukishua ndiyo siku ninayoiogopa kwa niaba yako, pamoja na safari ya kwanza ya kupita Mkanda. Injini itazima tena siku moja, injini ndivyo zilivyo. Kabla ya siku hiyo zungumza na baharia wako, yule yule aliyekupa sigara mara ya mwisho, mwambie kwamba ikitokea, kazi yake ni kukupa chupa ya maji na kukushikia usukani dakika tano. Chingamu iwe kwenye mfuko wa shati, pale ilipokuwa ikikaa pakiti, na simu iwe na chaji. Ukikwama, mpigie yule wa jetini, umwambie uko wapi na maji yamefika wapi.